Zamorano au Salas: ukiruhusiwa namba tisa mmoja tu wa Chile, umchukue nani?

Ukitegemea hesabu peke yake, utakesha. Iván Zamorano aliichezea timu ya taifa ya Chile mechi 69 akafunga mabao 34. Marcelo Salas alicheza mechi 70 akafunga 37. Wote wawili ni bao moja kwa kila mechi mbili, na pengo lenyewe ni mabao matatu, ambayo jioni moja nzuri ingeyafuta. Zamorano aliwahi kupachika matano peke yake dhidi ya Venezuela Aprili 1997. Kwa hiyo anayekuambia "tazama takwimu" juu ya watu hawa, mwambie tumeshazitazama, hazisemi kitu.

Kuna atakayeuliza Alexis Sánchez yuko wapi. Ni kweli, rekodi ya mabao ya Chile sasa ni yake; alimpita Salas mwaka 2017. Lakini Alexis alicheza pembeni, alicheza nyuma ya mshambuliaji, alicheza kila mahali. Hapa tunazungumzia namba tisa halisi, mtu ambaye kazi yake ni kusimama kati ya mabeki wawili wanaomchukia na kuusubiri mpira. Kwa kazi hiyo Chile ina majina mawili, na kwa miaka michache yalivaa jezi ya taifa kwa pamoja. Wachile waliwaita Sa-Za.

Swali la nani bora nimelisikia kwa watu wa aina mbili: wanaopanga vikosi vya ndotoni, na makocha wa vijana wanaotaka kujua straika wao chipukizi atazame mikanda ya nani. Nitajaribu kuwajibu wote kwa pamoja, na mwishoni nitataja ninayemchukua mimi.

Walivyofika

Zamorano alizaliwa 1967 na kukulia Maipú, Santiago, akiwa shabiki wa klabu ya Colo-Colo kama baba yake, ambaye alifariki Iván akiwa bado mtoto. Soka ya kulipwa hakuianzia Colo-Colo. Aliianzia Cobresal, timu ya mji wa wachimba shaba uitwao El Salvador, katika jangwa la Atacama, zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Kwa hiyo akikuambia alitoka mbali, hatii chumvi. Mwaka 1987 Cobresal ilitwaa Kombe la Chile, na mwaka uliofuata akaondoka kwenda Ulaya kwa mlango wa nyuma. Klabu ya Bologna ya Italia ilikuwa imewachukua Wachile wawili, yeye na Hugo Rubio. Ikabaki na Rubio, Zamorano akapelekwa St. Gallen, Uswisi.

Shika jambo hilo, maana litajirudia. Mtu huyu kila mara kuna aliyemwona wa ziada. Huko Uswisi akawa mfungaji bora wa ligi msimu wa 1989/90 kwa mabao 23, Sevilla wakamchukua, na mwaka 1992 akatua Real Madrid.

Salas njia yake ilikuwa fupi na ya kifahari zaidi. Alizaliwa mkesha wa Krismasi mwaka 1974, Temuco, kusini mwa nchi, akaibukia Universidad de Chile, mahasimu wakubwa wa Colo-Colo. Klabu hiyo ilikuwa haijaonja ubingwa tangu 1969. Kijana akapanda kikosi cha kwanza, mwaka 1994 wakawa mabingwa, 1995 wakawa tena. Mwaka 1996 akavuka milima ya Andes kwenda River Plate ya Argentina, nchi ambayo haikuwa na mazoea ya kumheshimu mshambuliaji kutoka Chile. Ndani ya miaka miwili walibeba mataji matatu ya ligi mfululizo pamoja na Supercopa, kombe la klabu za Amerika Kusini, ya mwaka 1997, ambayo Salas aliimaliza kwa mabao mawili kwenye mechi ya marudiano ya fainali dhidi ya São Paulo. Mwaka huohuo akatajwa mchezaji bora wa Amerika Kusini.

Kwa hiyo ukiwauliza watu wa Santiago swali letu, wengi watakujibu kwa rangi ya jezi ya utotoni mwao. Colo-Colo atasema Zamorano, wa Universidad de Chile atasema Salas, na hapo mjadala umeisha kabla haujaanza. Sisi tulio mbali tuna nafuu hiyo.

Kichwa cha mmoja, mguu wa kushoto wa mwingine

Zamorano hakuwa mrefu wa kutisha. Alikuwa na urefu wa kawaida tu kwa mshambuliaji wa kati, lakini akiruka alikaa hewani kama mtu aliyesahau kushuka. Siri haikuwa miguu peke yake. Tazama anavyoanza kukimbia: anamwacha beki aangalie mpira, yeye anarudi hatua mbili nyuma, halafu anaingia kwa kasi wakati beki amesimama wima. Anayeruka akitoka kwenye mwendo humshinda anayeruka akiwa amesimama, hata kama huyo wa pili ana sentimita kumi zaidi. Ndiyo maana hata mabeki wakubwa walichezewa juu ya vichwa vyao. Krosi mbaya ilikuwa kazi kwake, krosi nzuri ilikuwa bao.

Salas alikuwa mfupi zaidi, amejaa, mwenye kiuno kizito cha kumkinga beki, na mguu wa kushoto ambao haukuhitaji nafasi. Ubora wake mkubwa, kwa maoni yangu, ulikuwa mguso wa kwanza. Mshambuliaji wa kawaida hutuliza mpira, kisha huangalia lango, kisha hupiga. Salas alituliza mpira ukiwa tayari umeelekea pale atakapopigia.

Mfano wake bora ni wa tarehe 11 Februari 1998, Wembley, mechi ya kirafiki dhidi ya Uingereza. Usiku huo magazeti yalikuja kumwangalia kijana Michael Owen akicheza mechi yake ya kwanza ya taifa. Kiungo José Luis Sierra akainua pasi ndefu kutoka upande wa nyuma. Salas akaipokea juu ya paja, mpira haujagusa nyasi, akaufyatua kwa kushoto na kumwacha kipa Nigel Martyn hana la kufanya. Kipindi cha pili akaongeza la penalti baada ya kuangushwa na Sol Campbell, mechi ikaisha 2–0. Baada ya hapo kila mtu alijua maana ya kupiga goti moja chini, kuinamisha kichwa na kuinua kidole mbinguni. Hiyo ndiyo ilikuwa ishara ya El Matador, kama Salas alivyoitwa kwa utani.

Ila nisikudanganye: si haki kusema mmoja alikuwa wa kichwa tu na mwingine wa mguu tu. Bao la pili la Salas dhidi ya Italia kwenye Kombe la Dunia 1998 lilikuwa la kichwa, akimruka Fabio Cannavaro. Na Zamorano alifunga kwa miguu yote miwili. Tofauti iko kwenye kile walichokuwa wakikitafuta. Zamorano aliutafuta mgongano. Salas aliutafuta upenyo.

Msimu wa 1994/95, na kwa nini nauzungumzia kwa urefu

Msimu wake wa kwanza wa ligi pale Madrid, Zamorano alifunga mabao 26. Wa pili, 11. Kiangazi cha 1994 akaja kocha Jorge Valdano na kumweleza wazi kwamba hayumo kwenye mipango yake. Wageni walikuwa wengi kuliko nafasi zilizoruhusiwa, na yeye alikuwa wa mwisho kwenye foleni. Wengi wangefunga virago. Yeye akabaki, akafanya mazoezi, akasubiri.

Matokeo yake: mabao 28, mfungaji bora wa Hispania, na Madrid bingwa. Tarehe 7 Januari 1995 Barcelona walikuja Bernabéu, uwanja wa Madrid. Mwaka mmoja kabla, karibu siku kwa siku, Barcelona ilikuwa imeifunga Madrid 5–0, Romário akipachika matatu. Safari hii Zamorano alikuwa na matatu yake kabla ya mapumziko, Luis Enrique na Amavisca wakamalizia, na ubao ukasoma 5–0 vilevile. (Michael Laudrup alikuwa upande wa washindi mara zote mbili, ila hiyo ni hadithi ya siku nyingine.) Na mwezi Juni, mechi iliyofunga hesabu za ubingwa dhidi ya Deportivo La Coruña, ilikuwa 1–1 zikiwa zimebaki dakika chache. Aliyefunga la pili ni yule mgeni wa ziada.

Nauzungumzia msimu huu kwa sababu ndio unaofundisha zaidi ya mikanda yote. Kijana anayecheza namba tisa atakaa benchi siku moja. Ataambiwa hafai. Kuruka kwa Zamorano kunahitaji kipaji cha mwili. Kubaki kwa Zamorano hakuhitaji.

Hata hivyo usije ukadhani alikuwa saa ya ukutani. Namba zake za ligi pale Madrid zilipanda na kushuka: 26, 11, 28, 12. Akaondoka 1996 akiwa na mabao 101 katika mechi 173 za mashindano yote, akaenda Inter Milan, na huko mabao yakapungua kabisa. Misimu mitano, mabao 25 ya Serie A, ligi kuu ya Italia. Mtu asiyeijua Inter ya wakati ule atasema alikwisha. Lakini hapo kulikuwa na Ronaldo, na Zamorano akageuka kuwa mtu wa kumsafishia njia: kugombana na mabeki, kushindania mipira ya juu, kurudi kukaba. Fainali ya Kombe la UEFA 1998 jijini Paris, Lazio walilala 3–0, na aliyefungua milango dakika ya tano ni yeye. Mwaka mmoja kabla, fainali ya kombe hilohilo dhidi ya Schalke, alifunga bao lililoipeleka mechi kwenye muda wa nyongeza, halafu akakosa penalti yake kwenye mikwaju. Furaha na kilio, vyote alivipitia kwenye kombe moja.

Kisha ikaja ile ya jezi. Mwaka 1998 Roberto Baggio alifika Inter, namba 10 ikaenda kwake, Ronaldo akahamia 9, na Zamorano akaachwa bila namba yake. Akachukua 18 na kubandika alama ndogo ya kujumlisha katikati: 1+8. Watu walicheka. Mimi naiona ni barua ya malalamiko iliyoandikwa mgongoni.

Salas Italia

Hapa nitakuwa mfupi, kwa sababu habari yenyewe ni nzuri na imenyooka, mpaka ilipopinda. Lazio walimchukua baada ya Kombe la Dunia 1998. Mabao 15 ya ligi msimu wa kwanza, 12 wa pili, na mara zote mbili hakuna Mlazio aliyemzidi kwenye ligi, katika kikosi kilichosheheni majina. Kombe la Washindi la Ulaya 1999, ubingwa wa Italia na Kombe la Italia mwaka 2000. Agosti 1999, Super Cup ya Ulaya kule Monaco dhidi ya Manchester United waliokuwa wametoka kubeba mataji matatu, Salas aliingia akitokea benchi kipindi cha kwanza na kufunga bao pekee la mechi. Nafasi moja, bao moja, kombe moja. Huyo ndiye Salas.

Mwaka 2001 akahamia Juventus, na vuli hiyohiyo goti lake likakatika kano. Juventus ilibeba ligi mara mbili yeye akiwa kwenye orodha ya wachezaji, lakini mabao yake ya ligi huko ni mawili tu. Akarudi River, kisha Universidad de Chile, akatundika daluga 2008. Ukipima urefu wa kilele cha kila mmoja, cha Salas kilikuwa kirefu kwenda juu na kifupi kwenda mbele: kama miaka saba, kutoka 1994 hadi 2001. Zamorano alianza kufunga Uswisi mwaka 1988 na mwaka 2002 bado alikuwa anafunga kwenye fainali ya ligi ya Mexico akiwa na Club América, akabeba ubingwa akiwa na miaka 35, kisha akamalizia Colo-Colo kama alivyotaka tangu utoto.

Kombe la Dunia, na jambo linalosahaulika

Hoja kubwa ya watu wa Salas ni Ufaransa 1998. Alifunga mabao manne: mawili dhidi ya Italia kule Bordeaux, moja dhidi ya Austria, moja dhidi ya Brazil kwenye kipigo cha 4–1. Zamorano hakufunga hata moja. Manne kwa sufuri, na mjadala mara nyingi huishia hapo.

Mimi hauniishii hapo. Kwanza, nani aliipeleka Chile Ufaransa? Katika mechi za kufuzu Chile ilifunga mabao 32; Zamorano alifunga 12, akawa mfungaji bora wa Amerika Kusini nzima, na Salas 11. Mabao 23 kati ya 32 ni ya watu wawili. Na ili nimtendee haki Salas, mechi iliyookoa safari ni ile ya Oktoba 1997 dhidi ya Peru, 4–0, matatu yakiwa yake. Mwishoni Chile na Peru walilingana pointi na Chile ikapita kwa tofauti ya mabao.

Pili, na hili ndilo linalosahaulika: Zamorano alinyang'anywa Kombe la Dunia lake. Septemba 1989 pale Maracanã, uwanja wa Rio de Janeiro, Chile ikiwa nyuma dhidi ya Brazil, fataki ilitupwa kutoka jukwaani, kipa Roberto Rojas akaanguka uso ukiwa na damu, na timu ikatoka uwanjani. Baadaye ikagundulika kipa alijikata mwenyewe kwa wembe aliouficha. FIFA ikaifungia Chile kushiriki mechi za kufuzu Kombe la Dunia 1994. Zamorano wa miaka 27, aliyekuwa karibu kuanza msimu wa mabao 28, alitazama fainali za Marekani kwenye televisheni. Alipofika Ufaransa alikuwa na miaka 31. Salas alifika na miaka 23. Ukiwalinganisha kwa mashindano hayo, unalinganisha maembe ya msimu na ya mwisho wa msimu.

Cha kuchekesha ni kwamba deni hilo alijaribu kulilipa kwenye Olimpiki. Sydney 2000, akiwa na miaka 33 katikati ya vijana wa chini ya miaka 23, Zamorano alianza kwa kuifunga Morocco matatu, akaifunga Nigeria moja kwenye ushindi wa 4–1 wa robo fainali, na baada ya Cameroon kuwatoa nusu fainali, akafunga yote mawili dhidi ya Marekani kwenye mechi ya medali ya shaba. Mabao sita, mfungaji bora wa mashindano.

Basi umchukue nani?

Inategemea kilichopo nyuma yake. Ukiwa na kiungo wa aina ya Sierra, mtu anayeona mbio kabla hazijaanza, mchukue Salas na usimsumbue. Anaweza kupotea dakika sitini, usilalamike, usimtoe. Mpira mmoja unamtosha. Na kama mechi yenyewe ni fainali, au ugenini, au mpinzani ni mkubwa kuliko wewe, Salas tena. Hata alipokuwa amekwisha, akielekea miaka 33, alienda Montevideo Novemba 2007 chini ya kocha Marcelo Bielsa na kuifunga Uruguay mabao mawili kwenye sare ya 2–2. Hayo ndiyo yaliyomfikisha 37.

Lakini ukiwa na timu ya mawinga wanaopiga krosi za kubahatisha, ukiwa na mshambuliaji mwingine anayehitaji mtu wa kumpunguzia mabeki, au ukiwa na kikosi cha vijana ambacho nusu yao wanadhani kocha hawapendi, Zamorano. Siku asiyofunga bado amefanya kazi ya mtu mmoja na nusu. Salas siku asiyofunga, utamtafuta kwa tochi.

Mimi nachukua Zamorano. Si kwa sababu alikuwa fundi zaidi. Kwa ufundi wa kumalizia, Salas anamzidi na sioni haya kusema hivyo. Namchukua kwa kuwa timu nyingi ninazozijua hazina Sierra.

Kama una kijana wa kumwonyesha, mwanzishie mechi ya 7 Januari 1995, amtazame Zamorano hata wakati mpira hauko kwake. Wembley iwe ya pili. Ukiona yeye ameshikwa na ile ya pili kuliko ya kwanza, muulize kwanza anatumia mguu gani.